Rubani Anasubiri Beringi Gerezani

Kariakoo, 11 Januari 2025

Mwanangu Marcelino,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunaendelea, kila mmoja na lake. Mdogo wako Brightness amepata kazi ya mkataba Posta, ofisi ya bima. Anaondoka alfajiri na ndala miguuni, viatu vya kisigino mkononi. Mimi bado nina kizimba changu cha magauni ya komunio ya kwanza. Mwezi huu hakuna anayenunua, wanashika kitambaa tu, wanasema kizuri, wanaondoka.

Joto la mwaka huu limezidi. Feni ya chumbani haizunguki tangu Februari ya mwaka jana, haina beringi. Baba yako mdogo alikuwa na ukuta mzima wa beringi dukani kwake, kule mtaa wa Gerezani. Kila jioni nilimwuliza, kila jioni alisema kesho. Hamis, yule jirani yake wa duka la mikanda, amejitolea kuja kuweka nyingine. Nimemkatalia. Rogath alisema ataleta yeye.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Agosti, tulipotoka kumzika Rogath kwao Kibosho, ulipita hapa ukachukua mfuko wenye madaftari yake matatu ukayapige picha. Ulisema kesho utayarudisha. Kesho yake ulikuwa uwanja wa ndege. Sikukulaumu, siku zile hakuna aliyejua ameshika nini.

Lakini jumuiya inayadai. Unakumbuka alivyokuwa anatusomea kila Jumamosi baada ya rozari, ukurasa mmoja au miwili. Katika hadithi yake, lile gari la mbinguni aliloliona Ezekieli, lenye magurudumu ndani ya magurudumu, limeharibikia juu ya Dar es Salaam. Beringi imekufa. Rubani ameshuka Gerezani kutafuta spea. Mara ya mwisho alituacha rubani amekaa kwenye benchi la duka, ameambiwa saizi yake imeisha. Jumamosi iliyofuata Rogath alikuwa amelazwa.

Josepha, mwenyekiti wetu, ameamua kwamba kabla hatujaenda Kibosho kwa misa ya mwaka, tarehe 17 Agosti, jumuiya ikutane kwangu na mwisho usomwe. Nami siujui. Nilimwuliza pale kitandani, akasema, "Utasikia na wenzako." Basi sijasikia.

Nakuomba daftari la tatu. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanishinda kwa maneno. Brightness ataipiga picha akutumie.

Mama yako mdogo,
Euphrasia


Ujerumani, 9 Machi 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Nimechelewa, najua. Barua yako niliisoma siku ileile, nikasema nitajibu nikitulia, na kutulia kwenyewe hakuna. Baridi haijaondoka. Asubuhi nafundisha Kiebrania wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mchana naandika tasnifu, jioni kuna mikutano ya mtandaoni ambako watu ishirini wa nchi kumi wanaambiana kwamba sauti haisikiki. Mpe Brightness hongera. Mwambie Posta asizoee kula chipsi.

Madaftari yako salama. Yapo mezani kwangu, na juu yake naweka kile chuma cha mviringo kilichokuwa kwenye mfuko uleule, karatasi zisipeperuke. Nikipata mtu wa kuaminika anayekuja huko nitayatuma.

Wakati huohuo nina maswali madogo. Unajua utafiti wangu: watu wa siku hizi wanaosoma maono ya Ezekieli kama hadithi za vyombo vya anga. Mtandaoni wamejaa, kila mmoja na roketi yake. Lakini hakuna aliyewahi kusema kwamba gurudumu ndani ya gurudumu ni beringi, wala kwamba yale macho yaliyolizunguka ni gololi zake. Baba mdogo alilisikia wapi? Kuna mzee wa karakana aliyemwambia? Je, mafundi wa reli walikuwa wakilisimulia zamani? Hata Waislamu wa pale Gerezani wanalijua? Kumbukumbu yoyote itanisaidia, hata ukidhani ni ndogo.

Naomba ujibu mapema, kuna tarehe ya mwisho.

Mwanao,
Marcelino


Kariakoo, 2 Aprili 2025

Mwanangu Marcelino,

Marahaba. Masika yameanza. Maji yameingia kwenye kizimba, nimeyapandisha magauni yote juu, naonekana nauza malaika walionyongwa. Hayo ni maneno ya Brightness, si yangu.

Mimi nilikuuliza jambo moja, wewe umeniuliza manne. Nitakujibu yote, kisha nirudie langu.

Hakuna aliyemwambia. Ilikuwa Jumapili, mwaka 2011, Brightness bado yuko shule ya msingi. Msomaji alipofika kwenye yale magurudumu, Rogath akanigusa kiwiko, akasema kwa sauti ambayo safu tatu zilisikia, "Hiyo ni beringi." Watu wakageuka. Nilitamani benchi linimeze. Misa ilipoisha alinishika mkono mpaka Gerezani, na viatu vyangu vya kanisani, akafungua duka, akapasua boksi jipya. "Tazama. Pete ndani ya pete. Na haya macho pande zote yanatazama nini? Gololi." Alisema maprofesa wamehangaika miaka yote hiyo kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kushika grisi. Kisha akanunua soda mbili, tukanywa tumekaa kwenye benchi lilelile alilokuja kumkalisha rubani.

Basi ni hivyo. Hakuna mzee wala reli.

Jana Brightness alinionyesha ukurasa wako wa mtandaoni. Niliutambua mchoro kabla hajasema kitu, magurudumu manne ya Rogath kwa kalamu yake nyekundu ya shule. Chini yake umeandika Kiingereza, Brightness akanisomea: mapokeo ya mdomo ya mafundi wa Gerezani. Maoni ni mengi. Mmoja anasema mapokeo hayo yana miaka mia na zaidi. Mwingine anasema hapana, yaliletwa na wamisionari. Wa tatu anawaambia wote wawili wakasome kwanza makala yake. Na mmoja, naona ana roho nzuri, ameuliza ni nani aliyeandika. Umemjibu kwamba mwandishi hajulikani.

Marcelino, anajulikana. Nimemfulia mashati miaka ishirini na sita. Grisi haikuwahi kutoka kwenye kola.

Nakuomba daftari la tatu.

Euphrasia


Ujerumani, 20 Mei 2025

Mama mdogo, shikamoo.

Poleni na mvua. Natumaini magauni yamekauka. Hapa miti imechanua na mimi nachungulia tu dirishani.

Barua yako iliniumiza, si kwa sababu imekosea. Niruhusu nikueleze. Nikiandika kwamba baba yangu mdogo, muuza spea, alitunga hadithi, watatabasamu, watapita. Nikiandika "mapokeo ya mafundi", wanavuta kiti. Ndivyo dunia hii ya wasomi ilivyo, sikuitengeneza mimi. Nilidhani namtafutia mahali pa kusikilizwa. Sasa mawazo yake yanajadiliwa na watu ambao hawajui hata Kariakoo iko wapi. Makala imekubaliwa. Kuna nafasi ya kazi hapa chuoni inayoitegemea, na mkataba wangu unaisha Septemba.

Shida ni kwamba mhariri ameomba ushahidi kutoka kwa wenye mapokeo. Nimefikiria mzee Hamis. Amekaa Gerezani tangu ujana. Je, unaweza kumwomba arekodi sauti, hata dakika mbili, aseme kwamba mambo haya ya Ezekieli na beringi aliyakuta yakisemwa na mafundi waliomtangulia? Huenda kweli aliyasikia, hakumbuki tu.

Nimekutumia picha za daftari la kwanza na la pili. La tatu picha hazikutoka vizuri. Nitajaribu tena.

Mwanao,
Marcelino


Kariakoo, 8 Juni 2025

Marcelino,

Hatujambo. Brightness anakusalimia, ingawa aliposoma barua yako alitamka neno ambalo sitaliandika.

Nilikwenda Gerezani. Usidhani nilikwenda kukutimizia. Nilikwenda kwa sababu sikuamini kwamba nimesoma sawasawa, nikataka mtu mzima mwenzangu aisikie. Hamis alikuwa amekaa mlangoni anakunywa kahawa. Nikamsomea. Akaniomba nirudie pale penye jina lake.

"Mama Brightness," akasema, "mimi Hamis niseme nimerithi tafsiri ya Ezekieli?"

"Ndivyo anavyoomba."

"Kwa babu yangu?"

"Kwa waliokutangulia."

"Babu yangu alikuwa mtu wa Kisarawe. Nilichorithi kwake ni minazi mitatu, na mmoja haukuzaa."

Nilicheka, Mungu anisamehe, mara ya kwanza nacheka nikiwa Gerezani tangu duka lifungwe. Moza, anayeuza chai pale kwenye kona, akatuuliza tunacheka msiba gani. Hamis akamwambia, "Kuna kijana Ulaya amenifanya mzee wa mapokeo. Kuanzia leo chai yangu uilete kwa heshima." Moza akasema mzee wa mapokeo alipe kwanza chai ya jana.

Halafu Hamis akasema, "Ila nina ushahidi. Mwambie nitautoa."

Akachukua simu yake akarekodi. Utaisikia, Brightness ameituma pamoja na barua hii. Anasema kila Jumatatu Rogath alikuwa anamsimulia kilichosomwa Jumamosi, na kila Jumatatu walibishana kwa sababu Rogath aliandika kwamba gari la mbinguni linatumia beringi namba 6202. Hamis akamwambia namba hiyo ni ya feni. Gari linalobeba viumbe wanne na kiti cha enzi halitafika hata hapo Buguruni kwa beringi ya feni. Rogath anacheka tu, anasema subiri mwisho. Hamis naye anausubiri, anataka kujua nani alikuwa sahihi. Hayo ndiyo mapokeo yote ya Gerezani.

Umesema unamtafutia Rogath mahali pa kusikilizwa. Alikuwa napo. Tulikuwa watu kumi na wanne kwenye viti vya plastiki na mkeka, na hakuna aliyekuwa anatazama simu.

Kuhusu picha kutotoka vizuri, nimekulea likizo zote tangu darasa la tatu. Ulipovunja chupa ya chai uliniambia imejichokea yenyewe. Kama daftari limepotea sema limepotea. Kama lipo, sema kwa nini sipewi.

Euphrasia


Kariakoo, 14 Julai 2025

Marcelino,

Sisi wazima. Wiki tano zimepita bila neno. Misa ni tarehe 17 Agosti, jumuiya itakaa kwangu Jumamosi tarehe 9. Josepha amekwisha azima viti. Sijui nitawaambia nini.

Euphrasia


Ujerumani, 24 Julai 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Leo sina habari za hali ya hewa.

Daftari halikupotea. Picha zilitoka vizuri, zote, toka siku ya kwanza. Nilikuficha, na nilimficha mhariri, kwa sababu ya maneno yaliyo kwenye ukurasa wa mwisho. Sitayanakili hapa. Baba mdogo alisema utasikia na wenzako, na mimi nimeshachukua mengi ya kwake, hilo nisilichukue. Nitasema tu kwamba ameandika kwa mkono wake, na tarehe, na jina lake kamili, kwamba hadithi hii ameitunga yeye, na kwa nini. Nilisoma ukurasa huo ndani ya ndege, Agosti. Kwa hiyo tangu nilipoandika neno la kwanza kuhusu mapokeo nilijua.

Rekodi ya mzee Hamis niliisikiliza nikiwa jikoni. Aliposema gari halitafika Buguruni nilicheka, kisha nikazima jiko nikakaa chini.

Nimeiondoa makala. Nimeandika kwenye ukurasa wangu, kwa Kiswahili na Kiingereza, kwamba mwandishi ni Rogath, muuza beringi wa Gerezani, aliyefariki mwaka jana, na kwamba mimi nilificha jina lake nikijua. Kazi ile wamempa mwingine. Mkataba ukiisha sijui, labda nitarudi kufundisha sekondari, sioni ubaya.

Lakini nikwambie kitu kitakachokuudhi, maana mimi kimenitoa usingizi. Yule aliyesema mapokeo yana miaka mia na zaidi, ambaye ni profesa, hakubali. Ameandika kwamba ni kawaida kwa familia kudai hadithi ya jamii nzima kuwa ya ndugu yao mmoja, na kwamba ushuhuda wa mpwa hauaminiki. Watu sitini wamemuunga mkono. Nimewajibu mara tatu. Sasa kuna wanaotafiti kwa nini mimi nakana mapokeo ya kwetu.

Ritha, muuguzi wa Machame anayefanya kazi huku, anakuja likizo. Nimempa mfuko wote: madaftari matatu na kile chuma. Nimekuwa nikikiweka juu ya karatasi mwaka mzima bila kukitazama. Nilipokuwa nafunga mzigo ndiyo nikaona kimechorwa namba ubavuni. Sitasema zaidi. Mpe mzee Hamis akisome.

Nisamehe.

Marcelino


Kariakoo, 10 Agosti 2025

Mwanangu Marcelino,

Marahaba, na tumsifu Yesu Kristo. Sote tumeamka salama. Ritha alifika Jumatano, amenenepa, amekula mtori wa ndizi mabakuli mawili akalala kwenye kochi mpaka jioni. Mfuko ulikuwa haujafunguliwa. Nami sikuufungua. Niliuweka kabatini nikaupita siku tatu kama mtu anayempita mdai wake.

Jana walikuja wote. Josepha na viti vyake, wale dada wawili wa ghorofa ya juu, hata waliohama jumuiya. Hamis aliketi karibu na mlango, amevaa kanzu, akasema amekuja kama mzee wa mapokeo. Baada ya rozari wakanitazama. Brightness akaniuliza, "Nisome mimi?" Nikasema hapana.

Nimesoma hadi darasa la saba tu, nasoma polepole, na mwandiko wa Rogath unaujua. Wakanisubiri. Rubani bado yuko kwenye benchi, saizi yake imeisha Gerezani nzima, na juu angani wale viumbe wanne wamechoka kushikilia gari kwa mabawa. Muuza duka anakuna kichwa. Anamwambia rubani, ninayo moja, lakini iko nyumbani, na mwenyewe ni mkali. Wanakwenda Kariakoo mchana, mkewe yuko kizimbani anauza magauni. Muuza duka anapanda juu ya stuli, anafungua feni ya chumbani, anatoa beringi, anampa.

Hapo Brightness akashika mdomo. Nami nilikuwa sijaelewa bado, nilikuwa nahangaika na mstari unaofuata. Rubani anaapa kwamba akifika tu ataitoa aiweke mpya, na hii ataileta. Muuza duka anamwambia, rudisha upesi, nitamwambia kesho, kesho, lakini nina siku chache kabla hajagundua.

Ndiyo ukaja ukurasa wa mwisho. Umeshausoma, lakini nitauandika, kwa sababu sasa naruhusiwa. "Hadithi hii nimeitunga mimi, Rogath, tarehe 3 Julai 2024, ili Euphrasia aache kununa kwa sababu ya feni. Beringi niliitoa nipate kuichora vizuri, nikaogopa kumwambia, nikasema nitairudisha hadithi ikiisha. Ninayo mfukoni."

Sikuweza kuendelea, na bahati nzuri hapakuwa na cha kuendelea. Marcelino, miezi sita nilimnunia yule mwanamume kwa ajili ya feni. Nilimgeuzia mgongo. Mara moja nilimwambia kwamba fundi viatu huvaa viatu, ila mke wa muuza beringi hulala kwenye tanuri. Alicheka, akachukua kipande cha boksi, akanipepea mpaka nikasinzia. Nilidhani ni uvivu.

Watu walikuwa wanacheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja, na Josepha anasema huyu mtu, huyu mtu. Hamis akainuka akaomba apewe kile chuma. Akakisogeza dirishani, akakigeuza, akasoma ubavuni.

"6202," akasema. "Nilimwambia ni ya feni. Nilimwambia kila Jumatatu."

Akavua kanzu akabaki na singlendi, akapanda kwenye stuli. Sikumkatalia. Nilikataa ya mtu mwingine, hii ni yake mwenyewe imerudi. Rubani alichelewa tu, alipitia Ujerumani.

Sasa wewe. Umefanya ulichofanya, kisha umekiri mbele ya watu na kimekugharimu. Nimekusamehe, lakini sijamaliza kukasirika, vyote viwili vitakaa humu nyumbani pamoja kwa muda. Ukirudi Septemba chumba cha mbele ni chako. Yule profesa muache. Usimjibu mara ya nne. Kama anataka mapokeo, tuna viti, na Hamis yupo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.

Wiki hii tunaondoka kwenda Kibosho. Nitachukua daftari moja tu, la kwanza, nimwekee Rogath pale kaburini kwa dakika chache, kisha nirudi nalo.

Jana nililala bila kujipepea. Feni inazunguka, ila inapiga kelele kidogo, kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Hamis anasema ni grisi tu imekauka, ni kazi ya dakika tano, anataka kuja kuitia. Nimemwambia kesho.

Mama yako mdogo,
Euphrasia